Wiki Tuliyofundishwa Kusema "Acha"

Jumapili jioni, Korogwe. Mvua ilikuwa kubwa mchana, sasa yamebaki manyunyu. Nimerudi kutoka Handeni, sijala, sijaoga, viatu vina matope na nimevivua mlangoni. Nina hasira. Ninaiandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu sasa hivi nitasema mambo ambayo baadaye nitalazimika kuyaombea radhi, na kuomba radhi ni kitu kingine kinachonikera.

Nina hasira na mama mkwe wa mdogo wangu. Nina hasira na mdogo wangu mwenyewe. Nina hasira na mwalimu wangu, ambaye hata hakuwapo.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba mimi ni msusi. Mchana nasuka nywele, jioni mbili kwa wiki nasomea mguso. Jina lake rasmi ni refu na nusu yake ni la kigeni, sisi darasani tunaliita mguso, basi. Mtu analala kwenye mkeka na nguo zake zote. Wewe unakaa pembeni, unaweka mkono begani, au mgongoni, au chini ya kisogo, mwepesi kabisa, na unasubiri. Hukandi, hupaki mafuta, huvuti shingo ikalia. Unafuata pumzi yake mpaka mwili ulegee wenyewe, na mwili ukilegea mara nyingi na moyo unalegea, mtu anasinzia, au analia, au anasema jambo alilolikalia kwa miaka. Hatutibu malaria wala sukari. Mwalimu Neema hututamkisha hivyo kabla ya kila kipindi, kwa sauti, kama watoto wa chekechea.

Najua mnavyosema. Nikitaja masomo yangu watu wananiuliza, "Masaji?" na wananitazama kwa jicho lile. Mwenye nyumba wangu alitaka kujua kama nitaanza kuingiza wanaume chumbani. Shangazi yangu kule Lushoto ametangazia ukoo mzima kwamba nimeacha akili na kwenda shule ya kupapasa watu.

Hayo nimeyazoea. Kilichonishinda ni wiki ya kwanza.

Wiki ya kwanza hatukufundishwa kugusa. Tulifundishwa kusema "acha". Mmoja analala, mwenzake anamwuliza, "Niweke mkono hapa?" kisha anausogeza polepole. Aliyelala, wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, anasema acha. Mwenye mkono anauondoa papo hapo. Haulizi kwa nini, hajitetei.

Mnaona ni rahisi? Jaribuni na watu wa huku kwetu. Darasa zima, watu wazima wenye wajukuu, hakuna aliyeweza. Kila mtu "sawa tu", "endelea tu", "haina shida". Mama Gloria anayetoka Mkumbara alikuwa na jipu pajani, jipu kweli, limeiva, na mimi bila kujua nikaliwekea kiganja. Machozi yalimtoka. Nikamwuliza, "Inauma, mama?" Akasema, "Hapana mwanangu, endelea tu na masomo yako."

Mwalimu Neema alitukalisha wote chini. Ni mwanamke mpole, sauti yake ndogo, na mimi watu wapole sana hunitia wasiwasi. Alisema, "Mnaambiana sawa tu kwa adabu. Adabu ni nzuri, lakini mkono wako hautajifunza kitu kwa mtu anayekuonea aibu."

Nikakumbuka wateja wangu. Msichana anakuja anataka nywele zibane, nambana mpaka nyusi zinapanda, machozi yanamlengalenga. Dada, nimekuumiza? Hapana dada, suka tu. Anaondoka hapo anapitia dukani kununua dawa ya kichwa.

Basi, tukaendelea na zoezi mpaka Mama Gloria akaweza. Siku hiyo nilikuwa mimi tena niliyeweka mkono. Akafumba macho akasema, "Acha." Niliondoa mkono haraka. Nilijiona nimefaulu, nikamgeukia mwalimu nipewe sifa.

Akaniambia, "Mkono umeuondoa. Uso umeuacha palepale."

Eti nilikuwa nimenuna. Mbele ya watu wote akaeleza kwamba mtu akiona umenuna, safari nyingine hatasema acha, atavumilia ili asikuudhi. Na kweli, zamu iliyofuata Mama Gloria aliniangalia usoni kwanza, halafu akasema, "Sawa tu, endelea." Nilirudi nyumbani nimefura. Sasa mnajua ni mtu wa aina gani anayewaandikia. Nina mikono migumu na uso usiojua kuficha kitu, na nimechagua kusomea upole.

Twende Handeni.

Mdogo wangu Zubeda ameolewa huko, kwa Wazigua, watu wazuri, sina neno nao, au sikuwa na neno nao. Amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Nilipompigia simu katikati ya wiki alisema anaendelea vizuri. Tukiwa tunaongea nikasikia kitambaa kinakamuliwa, maji yanatiririka kwenye beseni, kisha pumzi ya Zubeda ikakatika.

"Wanakukanda?" nikauliza.

"Kidogo tu, dada. Mama ananisaidia."

"Tumbo?"

Akasema mtandao unasumbua.

Sote tunajua mzazi anakandwa. Maji ya moto, taulo, mikono ya mtu mzima, tumbo lirudi na damu iliyobaki itoke. Sina ugomvi na kukanda miguu na mgongo, mwenyewe ningeomba. Lakini Zubeda ana mshono. Nesi alimwambia waziwazi, mbele ya mume wake Athumani, kwamba tumbo lisiguswe na maji ya moto. Athumani akaitikia, akafika nyumbani, akaona mama yake anachemsha maji, akatoka kwenda kuangalia pikipiki. Mambo ya wanawake hayo.

Nilimweleza Mwalimu Neema kwamba nitaenda. Nilidhani atafurahi, mwanafunzi wake anakwenda kazini. Akasema, "Nenda kamwone mdogo wako. Usiende kutibu. Na huo mshono urudi hospitali ukatazamwe."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema utaona.

Jumamosi nilipanda gari la asubuhi, nikafika Handeni jua kali. Mama Athumani alinipokea vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ningependa awe mtu mbaya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akanipokonya begi, akaniwekea maji ya kuoga. Ni mwanamke mpana, mkulima, anaamka kabla ya kuku. Alikuwa amemchinjia Zubeda jogoo wake mwenyewe, yule aliyekuwa hataki hata mtu amguse. Uji wa pilipili manga tayari, nepi zimeanikwa zote kwa mstari. Mtoto amebebwa mgongoni mwake siku nzima ili mzazi alale.

Halafu alasiri likaja beseni.

Nilikuwapo chumbani. Alichovya taulo kwenye maji ambayo mimi nisingeingiza kidole, mikono yake mwenyewe imekuwa myekundu mpaka vifundoni. Akakamua, akalikandika tumboni, akalalia kwa uzito wake wote. Zubeda aliuma khanga.

"Inauma?" nikamwuliza.

"Hapana dada. Sawa tu."

Nikasema, kwa adabu yote niliyoweza kuikusanya, "Mama, samahani, nesi alisema tumbo liachwe mpaka mshono upone."

"Nesi siye atakayeishi na hilo tumbo," akasema, hakuinua macho. "Lisipokandwa linabaki kama gunia. Na uchafu unaganda ndani. Wazazi wote wa mtaa huu nimewakanda mimi."

"Lakini kidonda, mama."

"Kidonda nakipita pembeni. Sijaanza leo." Akachovya tena. "Na ile mikono yako ya kupapasa tumeisikia. Kuku ukimshika hivyo anakukimbia."

Hata Zubeda alicheka kidogo, jamani, na khanga mdomoni.

Kisha Mama Athumani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe mwanangu, una watoto wangapi?"

Anajua. Ukoo wote unajua. Nimeolewa nikaachika na sikuzaa. Alijua jibu, na nilipolitoa akatikisa kichwa akaendelea kukanda, na hapo mdomo wangu ukafungwa, kwa sababu mwanamke ambaye hajazaa atamwambia nini mwenye wajukuu uani. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama taulo likipanda na kushuka. Ningeweza kulipiga teke lile beseni.

Sikulipiga.

Jioni Mama Athumani alipokwenda kwa jirani, nilikaa na Zubeda kitandani. Mtoto katikati yetu, ananukia maziwa. Nikamsimulia darasa letu, jipu la Mama Gloria na lile neno la mwalimu kuhusu uso wangu. Alicheka mpaka akashika mshono kwa mikono miwili akiniomba ninyamaze. "Huyo mwalimu kakujua," akasema. "Ule uso wako tangu utotoni. Ulikuwa ukininyima kiazi huongei, unanitazama tu."

Nikamwuliza kwa nini hamwambii mama mkwe aache tumbo. Akasema, "Nitamwambiaje, dada? Ananifulia mpaka chupi."

Lakini nilikuwa na mpango, na sasa naueleza ili mniseme vizuri. Asubuhi, kabla ya beseni, ningemwekea mkono. Mwili ungelegea. Angelia kidogo. Akishalia angepata nguvu, angemwambia mama mkwe hapana, na mama mkwe angeona kwa macho yake mikono ya kupapasa inavyofanya kazi. Nilikuwa na sinema nzima kichwani, na mimi ndiye nyota wake.

Asubuhi ya leo, basi. Mtoto amelala, maji yako jikoni yanachemka, nayasikia. Nikakaa pembeni ya kitanda kama tulivyofundishwa, nikatuliza pumzi. Nikamwuliza, "Niweke mkono tumboni? Juu kabisa, mbali na mshono, sitakanda."

Akasema, "Weka tu, dada."

Na mimi, niliyekaa wiki nzima nikifundishwa kuisikia hiyo "weka tu" kuwa ni adabu inayoongea, niliisikia. Niliisikia vizuri sana. Nikaweka mkono.

Mwepesi, naapa. Mwepesi kuliko siku zote. Nikasubiri alegee. Tumbo likakaza chini ya kiganja changu, gumu, na pumzi ikasimama juu kifuani. Nikajiambia subiri, itashuka.

"Acha."

Sauti ndogo. Nikadhani anaongea na mtoto.

"Dada, acha. Usiniguse." Alikuwa anatazama dari. "Kila mtu ananigusa. Mama ananikanda, nesi ananifungua, mtoto ananyonya, wageni wakija wananishika tumbo. Nimechoka kushikwa. Na wewe umetoka Korogwe kuja kunishika."

Niliondoa mkono.

Mkono niliuondoa papo hapo, jamani, sikuuliza kwa nini. Lakini uso wangu naujua. Nilisimama, nikatoka nje kama mtu aliyekumbuka kitu, nikaliona karai la nepi nikalivamia. Nilifua kwa hasira. Nimesafiri kwa ajili yake. Nimetukanwa kwa ajili yake. Nimeulizwa habari ya watoto. Yule anayemchoma kwa maji ya moto anaambiwa sawa tu, na mimi ambaye mkono wangu hauzidi uzito wa leso naambiwa usiniguse. Nilikuwa nalia huku nafua, na ninaandika hivyo kwa sababu hapa siongopi.

Mama Athumani akapita na beseni, mvuke unapanda, akaingia.

Dirisha lilikuwa wazi, pazia tu. Nikasikia taulo linakamuliwa. Nikasikia beseni linasogezwa. Halafu Zubeda.

"Mama. Miguu nikande. Na mgongo. Tumbo naomba uache."

"Unasemaje?"

"Tumbo acha, mama. Linaniuma. Linaniuma tangu siku ya kwanza."

Mikono yangu ilisimama ndani ya povu. Nikasubiri kelele. Nikajiandaa kuingia, nikafuta mikono kwenye khanga, nikiwa na maneno yangu yote tayari mdomoni.

Hakuna kelele. Mtoto akakoroma kidogo, kisha taulo likakamuliwa tena, na nikasikia mama mkwe akisema, "Geuka basi nikupate mgongo."

Hivyo tu. Maneno yangu nikayameza.

Alipotoka alimwaga maji kwenye shina la mpapai, akaja akasimama mbele yangu. Mikono yake bado myekundu. "Umemfundisha wewe," akasema.

"Hapana, mama. Kaniambia mimi kwanza."

"Kakwambia nini?"

"Niache. Nilimwekea mkono, akasema niache. Nikaacha."

Alinitazama sana. Nilitegemea anicheke, na akacheka kweli, kidogo, kwa pua. Kisha akaketi kwenye kigoda, akajifuta uso na ncha ya khanga, akatazama mpapai wake.

"Mimi mama mkwe wangu alinikanda ngozi ikatoka," akasema. "Uzazi wa kwanza, Athumani huyu. Nilikuwa nikisikia anachota maji natetemeka. Sikujua kama mtu anaweza kusema."

Darasani hatujafika hapo.

Akanyoosha mkono akaninyang'anya nepi. "Lete hiyo. Hufui, unachana."

Na sasa naomba mnielewe. Nilikuwa na hasira nzuri, safi, niliyoibeba kutoka Korogwe, na huyu mama ameniharibia. Nilitaka nimchukie kwa raha zangu. Badala yake nimekaa kwenye gari tangu Handeni mpaka hapa nikimfikiria msichana mmoja wa zamani anayetetemeka akisikia maji yanachotwa, na leo anayechota ni yeye. Nina hasira kwa ajili yake pia sasa, na hiyo sijui nimpelekee nani. Yule bibi aliyemkanda alishakufa.

Kabla sijaondoka Mama Athumani mwenyewe alimwita mwanawe kutoka kwenye pikipiki yake, akamwambia kesho asubuhi mke wako unampeleka mshono ukatazamwe, na usiniambie petroli. Athumani akasema ndiyo mama. Kwa hiyo jambo lenyewe limekwenda vizuri. Tumbo la mdogo wangu leo halikuchomwa. Ndicho nilichokitaka.

Basi kwa nini bado nimefura hivi?

Nitasema, maana hakuna anayenisikia zaidi yenu. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka aliyemponya awe dada yake mwenye mikono inayochekwa, ili wale wa Lushoto wasikie, na mwenye nyumba asikie, na yule aliyeniuliza idadi ya watoto ashike adabu. Zubeda amejiokoa mwenyewe kwa neno moja, na hilo neno alilijaribia kwangu kwanza. Kwenye gari nilifikiri amenichagua kwa sababu ananidharau. Tulipopita Sindeni nikafikiri labda amenichagua kwa sababu alijua mimi nitauondoa mkono. Sijaamua bado ni lipi. Kichwani naona la pili lina ukweli zaidi, lakini mwili wangu umeshikilia la kwanza, mabega yako juu masikioni tangu asubuhi.

Na Mwalimu Neema aliniambia nisiende kutibu. Alikuwa sahihi, na kwa sauti ndogo vile. Hilo nalo nimelibeba.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, simu ikalia mlio wa ujumbe. Zubeda.

"Dada umefika? Mama kakuwekea mapapai kwenye begi chini ya nguo, usiyakalie. Tumbo leo limepumzika. Umenuna?"

Nimeandika: sijanuna. Nimeitazama, nikaifuta. Huo nao ulikuwa uongo wa adabu, na nina mapapai ya watu ndani ya begi.

Nimeandika tena: "Ndiyo, nimenuna. Ila mkono niliuondoa."

Amejibu hapohapo, kama aliyekuwa ameshika simu akisubiri.

"Mkono niliuona. Na uso?"

Nimekaa nayo hiyo mpaka manyunyu yamekatika. Ningeweza kumwambia uso umeshaondoka, asingejua, yuko Handeni. Halafu nikamjibu ukweli.

"Kesho."